Kufunga Tovuti kwa Hiari Kupinga Muswada wa Intaneti: Mwongozo Kamili kwa Wenye Tovuti

Mkazi wa Dar es Salaam akifungua tovuti aliyoizoea akaikuta haifunguki, jambo la mwisho litakalomjia akilini ni kwamba mwenye tovuti amegoma. Kwanza ataangalia kama bando limekwisha. Akikuta bado lipo, atakumbuka Mei 2024, kebo za baharini zilipokatika na nchi nzima ikahangaika na mtandao, naye atadhani zimekatika tena. Dhana hiyo nayo isipomridhisha, atahisi kwamba tovuti imefungiwa, atawasha VPN na kujaribu upya. Nimeandika mwongozo huu nikimfikiria mtu huyo, kwa sababu kufunga tovuti ili kupinga sheria ni mgomo, na mgomo ambao mteja hajui kuwa ni mgomo ni hasara tupu kwa aliyegoma.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023 hawakuhitaji kumweleza mpita njia kilichotokea: milango ilikuwa imeshushwa mtaa mzima, wenyewe wamesimama nje, na siku ya tatu Waziri Mkuu alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza. Tovuti haina mtaa wala haina wa kusimama nje. Iliyofungwa kwa hiari, iliyofungiwa na mamlaka na iliyoharibika zote humfikia msomaji zikiwa na sura moja, na kazi yako karibu yote ni kuitofautisha ya kwako.

Kilichofanyika tarehe 18 Januari 2012

Mgomo unaotajwa kuliko yote ni ule wa kupinga miswada miwili ya Marekani, SOPA uliowasilishwa na Lamar Smith katika Baraza la Wawakilishi na PIPA uliowasilishwa na Patrick Leahy katika Seneti. Miswada hiyo ililenga kukomesha wizi wa kazi za sanaa unaofanywa na tovuti za nje ya nchi hiyo, lakini njia iliyopendekezwa, ya kuziagiza kampuni za intaneti, za utafutaji, za matangazo na za malipo zikate uhusiano na tovuti inayotuhumiwa, iliwatia hofu wengi kwamba tovuti nzima ingeweza kuzimwa kwa kosa la mtumiaji mmoja. Wikipedia ya Kiingereza ilifungwa kwa saa 24. Huku kwetu ilikuwa Jumatano kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 asubuhi ya Alhamisi. Reddit ilifunga kwa saa 12, na Google haikufunga kabisa bali ilifunika nembo yake kwa kipande cheusi kilichompeleka msomaji kwenye waraka wa kutia saini.

Watu hukumbuka weusi wa ukurasa, lakini kilichofanya kazi kilikuwa kisanduku kidogo chini ya maneno, ambamo msomaji wa Marekani aliandika namba ya posta ya eneo lake akapewa mawasiliano ya wawakilishi wake. Ukurasa ule uliangaliwa zaidi ya mara milioni 162, na zaidi ya watu milioni 8 walitumia kisanduku hicho. Simu za ofisi za wabunge zikazidiwa, na tarehe 20 Januari kura ya Seneti iliyokuwa imepangwa kufanyika tarehe 24 ikaahirishwa, kisha miswada yote miwili ikawekwa kando. Hesabu siku hizo vizuri: wagomaji walifunga siku sita kabla ya kura, muda unaotosha kwa mwanasiasa kubadili msimamo na mfupi kiasi kwamba watu hawajasahau.

Isidhaniwe kwamba ukurasa mweusi una uganga. Wikipedia ya Kijerumani ilifungwa tarehe 21 Machi 2019 kupinga maelekezo ya hakimiliki ya Umoja wa Ulaya, na siku tano baadaye Bunge la Ulaya likayapitisha kwa kura 348 dhidi ya 274. Ugomvi ule ulikuwa umeendelea kwa miaka, kila mbunge alishachagua upande wake, na mgomo ulikuta mlango wa mwisho ukikaribia kufungwa.

Fahamu kwanza unapinga karatasi gani

Hapa ndipo waandaaji wengi wa kwetu watakapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Marekani walipinga miswada iliyokuwa ikisubiri kura. Tanzania, mengi yanayomgusa mwenye tovuti moja kwa moja hayapo kwenye sheria mama bali kwenye kanuni, na kanuni hutungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria iliyokwishapita. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizowataka wenye blogu na majukwaa kulipia leseni, zilitungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hakukuwa na siku ambayo mbunge angeinuka Dodoma kuzipigia kura ya ndiyo au hapana kabla hazijaanza kutumika. Aliyesubiri siku hiyo ili agome, alisubiri basi katika kituo ambacho basi hilo halipiti.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa seva, itafute karatasi yenyewe uisome, si muhtasari uliosambazwa kwenye WhatsApp. Ikiwa ni muswada, utakuwa umechapishwa katika Gazeti la Serikali na kwa kawaida huwekwa kwenye tovuti ya Bunge. Safari yake ni kusomwa mara ya kwanza, kupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika, kusomwa mara ya pili na kujadiliwa, kupitiwa kifungu kwa kifungu katika Kamati ya Bunge Zima, kusomwa mara ya tatu, kisha kwenda kwa Rais. Dirisha lako ni pale kamati inapoita wadau watoe maoni. Mjumbe wa kamati bado anaweza kupendekeza kifungu kirekebishwe bila kuonekana ameshindwa, ilhali mbunge aliyekwisha kuchangia bungeni kwa kuunga mkono hatarudi nyuma kwa urahisi kwa sababu ya ukurasa wako. Ukisikia muswada unaletwa kwa hati ya dharura, fahamu kwamba ratiba hiyo itabanwa na maandalizi ya wiki tatu hayatawezekana. Ukurasa uwe umeandaliwa mapema, umebaki kujazwa namba ya kifungu.

Ikiwa ni kanuni, dirisha liko kwingine. Wizara au mdhibiti akitoa rasimu na kukaribisha maoni, funga ndani ya muda huo, na uelekeze wasomaji kwenye anwani iliyotajwa kupokea maoni, si kwa mbunge. Ikiwa kanuni zimekwishatangazwa, Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayozipitia baadaye, na mahakama nazo zipo; lakini hapo kufunga tovuti kunabaki kuwa kelele ya kusindikiza, kwani kazi yenyewe iko kwa mawakili.

Baada ya kusoma, andika kwenye karatasi sentensi moja inayotaja kifungu, kinachotaka, na kitakachokupata wewe. Ukishindwa kuiandika, hujawa tayari kufunga. “Tunapinga muswada unaominya uhuru” haitoshi, maana afisa anayehusika atakujibu kwa sentensi yenye upana uleule na mtaachana hapo.

Amueni pamoja, na mjue nani ataumia

Uamuzi wa Wikipedia ulijadiliwa na wahariri zaidi ya 1,800 kabla ya kutangazwa. Huna haja ya watu wengi kiasi hicho, lakini tovuti yenye waandishi, wachangiaji au wateja si mali ya mwenye nywila peke yake. Andika walioafiki, walioukataa mpango huo na sababu zao, kwa kuwa siku ya mgomo utaulizwa ulimshauri nani.

Kisha pitia tovuti ukurasa kwa ukurasa ukijiuliza nini hakipaswi kufungwa. Malipo yaliyokwishaanza lazima yakamilike. Taarifa za zahanati, namba za dharura na maelekezo ya dawa zibaki wazi. Tovuti ya masomo isifunge wiki ya matokeo ya mitihani ya taifa, kwa sababu mzazi aliyekosa matokeo ya mwanawe hatasoma kifungu chochote. Ikiwa unahifadhi tovuti za watu wengine, huna ruhusa ya kuzifunga hata kama wewe na wenyewe mna msimamo mmoja. Waombe kwa maandishi.

Mtafute pia mwanasheria asome mambo mawili: mikataba yako na wateja, ambayo huenda inakubana kuwa hewani kwa kiwango fulani, na masharti ya leseni yako kama unayo. Ibara ya 18 ya Katiba inatambua haki ya kutoa maoni, na kufunga mlango wa duka lako mwenyewe si jambo ambalo kwa kawaida hufikiriwa kuwa kosa, lakini maneno utakayoyabandika mlangoni yanasomwa chini ya sheria zote zinazohusu maudhui, ikiwamo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokataza kuchapisha taarifa za uongo. Kila dai kwenye ukurasa wako liwe na kifungu chake nyuma.

Kiwango cha kufunga

Si lazima kufunga kila kitu. New Zealand, Februari 2009, watu wa kawaida waligeuza picha zao za mitandaoni kuwa nyeusi kupinga kifungu cha 92A cha sheria ya hakimiliki, kilichotarajiwa kuanza tarehe 28 mwezi huo. Kikaahirishwa na hatimaye kikafutwa. Tarehe 10 Septemba 2014 tovuti za Marekani zilizotetea usawa wa mtandao, yaani kampuni za intaneti zisipunguze kasi ya tovuti fulani na kuipendelea nyingine, ziliweka alama ya kuzunguka inayoonyesha ukurasa unapakia, bila kupunguza kasi yoyote. Kwa duka la mtandaoni linaloishi kwa mauzo ya kila siku, utepe mweusi juu ya ukurasa au pazia ambalo msomaji anaweza kuliondoa baada ya kulisoma linatosha. Tovuti ya habari au jukwaa la mijadala, ambalo ndilo hasa linalotishiwa, lina sababu ya kufunga kabisa. Kwa maoni yangu saa 12 zinatosha; baada ya hapo hasira ya msomaji inaanza kukuelekea wewe.

Maneno ya ukurasa

Mstari wa kwanza umwondolee yule msomaji wetu dhana zake zote tatu kabla hajawasha VPN. Mfano wangu ni huu:

“Leo, Jumatano, tumeifunga tovuti hii sisi wenyewe, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Simu yako haina tatizo, na hakuna aliyetufungia. Tumefunga kwa sababu kifungu hiki cha muswada ulioko mbele ya kamati, kikipita kilivyo, kitatulazimu kufuta maoni ya wasomaji kabla ya kuyachunguza. Kamati inapokea maoni hadi Ijumaa. Chagua kata yako hapa chini, tukupe jina la jimbo lako na mahali pa kuandika.”

Weka tarehe kamili na mwaka ndani ya ukurasa. Watu wataupiga picha na kuusambaza, na picha isiyo na tarehe itakuja kuzunguka tena baada ya miaka miwili, ukanushe mgomo ambao hukuuitisha.

Kuhusu kisanduku cha kutafuta mwakilishi, sisi hatutumii namba ya posta kwa mazoea ya kila siku, ila kata kila mtu anaijua. Usimwombe msomaji ataje jimbo, kwa sababu Dar es Salaam wengi hawalijui, na majina ya maeneo yanapotosha: mkazi wa Mbezi Beach yuko jimbo la Kawe ilhali wa Mbezi ya Luis yuko Kibamba, na wa Sinza aliyezoea kujihesabu mtu wa Kinondoni jimbo lake ni Ubungo. Pata orodha ya kata na majimbo kama ilivyotumika katika uchaguzi wa karibuni, kwa kuwa mipaka hubadilika, na ujaribu kisanduku kwa watu kumi wasiojua kompyuta. Mawasiliano yawe ya ofisi tu. Namba binafsi ya mbunge iliyopatikana kwa mlango wa nyuma isiwekwe.

Ukurasa wenyewe uwe mwepesi. Rangi nyeusi haihitaji picha, inaandikwa kwa mstari mmoja. Nimeona ukurasa wa namna hii wenye picha ya megabaiti 3 ya mnyororo na kufuli, na mtu aliyekuwa kwenye daladala pale kituo cha Morocco, Dar es Salaam, akauangalia ukizunguka hadi gari likaondoka. Kilobaiti 20 zinatosha maneno, kisanduku na nembo.

Seva ijibu nini

Ukifunga tovuti, seva bado inajibu kila anayebisha hodi, na hujibu kwa msimbo wa tarakimu tatu ambao binadamu hauoni lakini roboti wa Google, programu inayozunguka ikisoma tovuti ili zionekane kwenye utafutaji, anausoma. Msimbo unaotakiwa ni 503, unaomaanisha huduma haipo kwa sasa na itarudi. Ambatanisha nao mstari wa Retry-After wenye idadi ya sekunde, mfano 43200 kwa saa 12, ili roboti ajue arudi lini. Usitumie 404, inayosema ukurasa haupo, wala usiwahamishe wageni wote kwenda ukurasa mmoja mweusi, na kwa vyovyote vile usiache 200, inayosema kila kitu ni shwari.

Hiyo ya mwisho niliijua kwa aibu. Niliwahi kufunga kwa usiku mmoja tovuti ya muuza vipuri mmoja wa Gerezani, ilikuwa matengenezo tu, nikaweka ukurasa wa “Tumefunga kwa muda” uliojibu 200. Roboti akapita usiku uleule, akachukua maneno hayo akidhani ndiyo maudhui mapya ya tovuti. Kwa zaidi ya wiki, kila aliyetafuta jina la duka Google alisoma kwamba limefungwa. Mzee akanipigia simu saa 1 asubuhi, hata salamu hakungoja imalizike: “Kijana wangu, nani kakuambia mimi nimefunga duka?”

Faili la robots.txt, linalowaelekeza roboti wasome kurasa zipi, liendelee kujibu kama kawaida, kwa sababu likijibu 503 roboti ataacha kuizuru tovuti nzima. Acha wazi pia njia ya /.well-known/acme-challenge/ kama cheti chako cha usalama hujihuisha chenyewe, la sivyo kinaweza kufikia mwisho wake siku hiyohiyo na vivinjari vikamwonya msomaji kwamba tovuti si salama, ambalo ni balaa jipya. Ruhusu anwani ya IP ya ofisini ipite ili mhariri aweze kuingia ndani. Ongeza agizo la no-store ili simu ya msomaji isiutunze ukurasa mweusi na kumwonyesha tena kesho. Usiguse DNS, mfumo unaoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, hata kidogo. Mabadiliko yake huchukua muda kusambaa, na utajikuta umefungua saa 12 jioni huku nusu ya wateja wakiona giza hadi usiku wa manane.

Wikipedia ilitumia pazia la JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, juu ya kurasa zake, na aliyeizima JavaScript aliweza kusoma, na toleo la simu lilibaki wazi. Ilikuwa kwa makusudi. Njia hiyo ni rahisi na inafaa tovuti iliyoko kwenye hifadhi ya bei nafuu ambako huruhusiwi kubadili mipangilio ya seva. Kwenye WordPress, plugini nyingi za matengenezo hutoa 503, lakini si zote, kwa hiyo hakikisha mwenyewe: fungua tamino (dirisha la kuandikia amri kwenye kompyuta), andika curl -I ikifuatiwa na anwani yako, na mstari wa kwanza wa jibu uwe na 503. Ukitumia huduma inayosambaza nakala za kurasa zako duniani, kama Cloudflare, futa nakala hizo mara tu baada ya kufunga na tena baada ya kufungua.

Jaribio na siku yenyewe

Fanya jaribio la dakika tano usiku wa siku mbili kabla, kufunga na kufungua, kwa kutumia simu ya bei ndogo na mitandao tofauti. Ukipanga seva ifunge yenyewe, kumbuka kwamba seva nyingi hufuata saa ya UTC: saa 12 asubuhi ya Dar es Salaam ni 03:00 kwenye seva, na anayeandika 12:00 kwa mazoea ya Kiswahili ataifunga tovuti saa 9 alasiri.

Tangaza saa 24 au 48 kabla, kwa utepe juu ya tovuti na kwenye kurasa zako za mitandao ya kijamii, ili mteja amalize shughuli zake. Siku yenyewe mtu mmoja akae kwenye simu ya ofisi na mwingine kwenye WhatsApp, kila mmoja akiwa na ile sentensi ya kwanza mbele yake. Simu nyingi za asubuhi zitakuwa za watu wanaouliza kama tovuti imefungiwa, na kila jibu fupi na la upole linamgeuza mwulizaji kuwa msambazaji. Hesabu waliofika kwenye ukurasa, na waliotumia kisanduku, kila saa.

Fungua kwa wakati uliotangaza, hata kama watu wanakushangilia uendelee. Rudia curl -I na uone 200, futa nakala za zamani, fanya malipo ya majaribio mara moja, na kwa siku tatu angalia Search Console, huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti jinsi inavyoonekana kwenye utafutaji, kama kuna kurasa zilizotoweka. Kesho yake asubuhi chapa barua kwa Katibu wa Bunge, Dodoma, au kwa waliokaribisha maoni ya rasimu, ukitaja kifungu, maneno unayopendekeza yawekwe badala yake, na idadi ya wasomaji waliochagua kata zao, ukiambatanisha jedwali la kata kwa kata. Barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri ndiyo uiweke kwenye tovuti mahali palipokuwa na ukurasa mweusi.